Tuulize Chanzo cha Usahaulifu Kabla ya Kununua Chupa



Leo nimeshika kalamu kwa jambo linalozungumzwa sana vibarazani kwetu, ila aghalabu huzungumzwa nusu nusu. Jambo lenyewe ni hizi dawa za miti zinazouzwa kwa chupa, ambazo yasemekana humzidishia mtu hifdhi na kumwondolea usahaulifu. Wako wanaoziapia, na wako wanaozicheka. Mimi simo katika kundi la kwanza wala la pili, na sababu yake nitaieleza, kwani jambo hili lilimpata mtu ninayemhesabu kuwa mzazi wangu.

Mtu huyo ni Maalim wangu wa chuoni. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa yu hai na ana heshima yake. Ndiye aliyenisomesha alifu na be huko Mji wa Kale, Mombasa, na ndiye aliyewasomesha kaka zangu kabla yangu na wanangu baada yangu. Kurani aliihifadhi yote akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka 30 ndiye aliyekuwa akitusalisha tarawehi katika msikiti wa mtaa wetu, pasi na kushika msahafu.

Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, Maalim alikwama. Imamu kukwama si jambo geni. Walio nyuma yake humfungulia, naye akaendelea. Lakini usiku ule tulimfungulia mara tatu, na mara tatu akarudi pale pale, kama mtu aizungukaye nyumba yake mwenyewe asiuone mlango. Mwisho akarukuu. Na sura yenyewe ilikuwa katika zile alizonisomesha mimi kwa bakora nilipokuwa na umri wa miaka 9.

Tulipotoka msikitini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Tulipeana mikono, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za kusi na bei ya samaki. Lakini mji wetu ni ule ule. Hata daku haijaliwa, habari ilikwisha kufika kila nyumba.

KILA MTU NA DAWA YAKE

Tangu siku ile nyumba ya Maalim haikupungua wageni, na kila mgeni alikuja na dawa. Mmoja alileta asali mbichi na habasoda iliyotwangwa. Jirani akaleta ubani wa kulowekwa usiku na kunywewa maji yake asubuhi. Mzee mwengine akaandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, Maalim akanywa. Haya yote nayaheshimu. Yalikuwa ni mapenzi ya watu kwa mtu aliyewafaa, na hakuna hata moja lililomdhuru.

Mkewe, ambaye sisi wanafunzi humwita Mama, alifanya pia lile ambalo wengi wetu hulichelewesha: alimpeleka hospitali. Walikaa katika safu tangu asubuhi mapema hadi karibu na adhuhuri. Daktari aliyewaona hakuinua macho katika karatasi zake. Aliuliza umri, akaambiwa ni miaka 71, akasema, "Basi huo ni uzee, Mama. Mrudishe nyumbani akapumzike." Hakuagiza damu ipimwe, wala hakuuliza ni dawa gani mzee anazotumia. Hospitali hiyo siitaji jina, kwani nadhani wasomaji wengi wanacho kisa chao wenyewe kinachofanana na hiki.

Ulipofungwa mlango huo ndipo chupa ilipoingia. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, mwenye ulimi mtamu, aliyetandaza bidhaa zake nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Chupa ilikuwa na picha ya ubongo, na maandishi yaliyoahidi hifdhi ya ajabu kwa wazee na kwa watoto wa shule. Ndani yake, alisema, mna maji ya majani ya mti wa ginko kutoka Uchina, pamoja na miti mingine ambayo ni siri ya watengenezaji. Mimi mwenyewe nalikuwapo, na shilingi 3,500 za kuinunua nilizitoa mimi. Kwa hivyo msomaji asidhani kwamba namlaumu mtu kwa kosa ambalo mimi simo. Nimo.

"Sheikh wangu," aliniambia yule kijana, "haya si majani. Hii ni roho ya majani."

Kisha akaongeza neno ambalo wakati ule sikulitia maanani. Alisema ni bora mzee apumzike kidogo na vidonge vya hospitali, visije vikagombana na dawa.

SI JAMBO LA KUCHEKWA

Kabla ya kueleza yaliyofuata, nataka kusema na wale wanaozicheka dawa za miti, hasa vijana wetu waliosoma, ambao wakisikia neno ubani hukunja pua.

Nyanya yangu alikuwa akitulowekea ubani kila ulipokaribia mtihani wa chuoni. Alitukataza pia kusoma maandishi ya makaburini, akisema hutia usahaulifu. Nikiwa mtoto nilidhani ni maneno ya vikongwe tu. Nilipokuwa mtu mzima nikayakuta yote mawili katika Taalim al-Mutaallim, kitabu cha Burhanuddin al-Zarnuji, mwanachuoni aliyeishi yapata miaka 800 iliyopita, nacho ni kitabu kinachowafunza wanafunzi adabu za kutafuta elimu. Mle ametaja mswaki, asali, ubani pamoja na sukari, na zabibu nyekundu 21 zinazoliwa kila siku kabla ya kutia kitu kingine tumboni. Basi nyanya hakuzua neno. Alipokea kwa waliomtangulia, na wao walipokea kwa waliowatangulia.

Lakini msomaji na atazame mpangilio wa mwanachuoni huyo. Kabla ya kuufikia ubani na zabibu, aliweka mbele bidii, kudumu katika kusoma, kupunguza kula, sala ya usiku na kuisoma Kurani. Na alipohesabu mambo yaletayo usahaulifu, alitaja dhambi, na wingi wa huzuni na wa shughuli za dunia. Ubani kwake ni msaidizi anayekuja nyuma ya bwana wake. Sisi leo tunamtaka msaidizi peke yake, tena tumemtia ndani ya chupa na kumbandika bei.

Wala wazee hao hawakudhani kwamba kila usahaulifu ni mmoja. Ibn al-Jazzar, tabibu wa Kairouan katika nchi ya Tunisia, aliyeishi karne ya 10, aliandika risala nzima juu ya usahaulifu na tiba yake, nayo ikaja kufasiriwa kwa Kilatini ikasomwa na matabibu wa Ulaya. Elimu yake ya mwili ni ya zama zake, na leo haifuatwi tena. Hata hivyo njia yake ilikuwa ni njia ya tabibu: aliuona usahaulifu kuwa ni maradhi yenye chanzo, akakitafuta chanzo ndipo atoe dawa. Huyo wa miaka 1,000 iliyopita aliuliza swali ambalo daktari wetu wa juzi hakuliuliza.

Na walijua pia kwamba dawa ya hifdhi yaweza kuua. Yupo mwanahistoria mashuhuri wa Baghdad, al-Baladhuri, mwandishi wa Futuh al-Buldan, aliyefariki karibu na mwaka 892. Jina lake lenyewe latokana na baladhuri, kokwa ya mti wa Bara Hindi ambayo watu wa zama zile waliitumia kuzidisha kumbukumbu. Yasimuliwa kwamba alikunywa maji ya kokwa hiyo pasi na kujua nguvu zake, akarukwa na akili, akafa katika hali hiyo. Wako wasemao kwamba aliyekunywa ni babu yake. Awe ni huyu au ni yule, wazee walikihifadhi kisa hicho karne baada ya karne, na maana yake iko wazi: aliyetafuta akili zaidi kwa kunywa alipoteza na ile aliyokuwa nayo.

VIPIMO VYA LEO VYASEMA NINI

Sasa tuje katika zama zetu. Dawa hizi zimepimwa, na matokeo yake yafaa kujulikana na kila mtu anayetoa fedha zake.

Nianze na ginko, kwani ndiyo inayotangazwa zaidi. Huko Marekani walichukuliwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea. Nusu walipewa dawa iliyokamuliwa katika majani ya ginko, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na nusu wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa, bila wenyewe kujua nani kapewa nini. Wakaangaliwa kwa muda wa miaka sita hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Waliopatwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu walikuwa 523: waliokunywa ginko 277, na waliokunywa vidonge vitupu 246. Yaani dawa haikumkinga mtu. Ufaransa nao wakapima kwa watu 2,854 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa muda wa miaka mitano, wakatangaza mwaka 2012 kwamba jawabu ni lile lile. Kweli, yako majaribio mengine ambayo wagonjwa waliokwisha kupatwa walionyesha nafuu kidogo. Lakini nafuu kidogo kwa mgonjwa si hifdhi ya ajabu kwa kila mtu, kama ilivyodai ile chupa yangu.

Zafarani, ile ile tunayoandikia kombe na kutia katika pilau, ina habari ya kutia moyo zaidi. Huko Tehran, mwaka 2010, wagonjwa 46 wa Alzheimer walipimwa kwa wiki 16, na waliopewa zafarani, miligramu 30 kwa siku, walikuwa na hali bora kuliko waliopewa vidonge vitupu. Katika jaribio jengine la wagonjwa 54, lililochukua wiki 22, zafarani ilikaribiana na dawa moja ya hospitali inayotumika kwa maradhi hayo. Habasoda nayo, ambayo Waislamu twaijua kwa hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ilijaribiwa Bangladesh kwa wazee 40 wenye afya, kwa wiki 9, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliikumbuka vizuri zaidi mitihani waliyopewa.

Haya ni mazuri, nami nafurahi nayo. Lakini tuyapime kwa mizani moja. Watu 40, au 46, au 54, kwa miezi michache, ni mwanzo wa habari, si mwisho wake. Ginko nayo ilianza kwa majaribio madogo yaliyotia matumaini, hata walipokusanywa watu kwa maelfu ndipo ukweli ulipoonekana. Mtu asiape kwa zafarani leo, halafu kesho akaona haya.

Na ili nisionekane kwamba napendelea upande mmoja, nitaje na ua dogo jeupe la nchi za baridi, liitwalo Galanthus. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Ulaya ya Mashariki walikamua katika jamii ya maua hayo dawa iitwayo galantamini, na mwaka 2001 ikakubaliwa Marekani kwa wagonjwa wa Alzheimer. Leo huandikwa na madaktari. Haiponyi, huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Basi hospitali na miti si maadui kama tunavyoambiwa. Tofauti ni kwamba galantamini yajulikana kipimo chake, madhara yake, na nani asipewe.

ROHO YA MAJANI

Yule kijana alisema kweli katika neno moja: dawa iliyokamuliwa si sawa na majani. Ile ginko iliyopimwa Marekani hutengenezwa kwa takriban kilo 50 za majani makavu ili ipatikane kilo 1 ya dawa. Ubani wa nyanya ulilowekwa katika kikombe cha maji, na nguvu zake zilikuwa nguvu za kikombe. Ukichukua majani ya gunia ukayatia katika chupa, umekwisha toka katika ulimwengu wa nyanya na kuingia katika ulimwengu wa dawa kali, na dawa kali ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kujua inakutana na nini ndani ya mwili. Madaktari huonya kwamba ginko yaweza kuzidisha kutokwa na damu, hususan kwa mtu anayetumia warfarini au aspirini, dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Wazee wetu wangapi waliowahi kupatwa na kiharusi au maradhi ya moyo wanazimeza kila siku? Na wangapi miongoni mwao humwambia daktari kwamba nyumbani wanakunywa kitu kingine?

Sharti la pili ni kujua kilichomo. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kuzipima dawa 70 za miti za mtindo wa Kihindi, zilizonunuliwa katika maduka ya mji wa Boston na kandokando yake. Dawa 14 kati ya hizo, yaani moja katika kila tano, zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhuru ubongo, na zaidi ubongo wa mtoto. Fikiri, ndugu msomaji, mzazi anayemnywesha mwanawe dawa ya kumwongezea akili, kumbe ndani yake mna kitu cha kuipunguza.

Hapa kwetu iko Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo kazi yake ni kuzisajili dawa, na dawa za miti zimo katika kazi hiyo. Iko pia taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, yenye kituo chake cha dawa za kienyeji. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za asili. Kwa hivyo muuzaji asiye na namba ya usajili hawezi kusema kwamba nchi hii haikumwachia mlango.

KIKAPU CHA MAMA

Narudi kwa Maalim. Alikunywa ile chupa, na nyengine, na nyengine. Mama akavificha vile vidonge vya hospitali kabatini, kama tulivyoambiwa. Vidonge hivyo vilikuwa vya sukari, kwani Maalim ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Wiki za mwanzo tulijidanganya kwamba amechangamka. Baadaye akaanza kuwasahau wajukuu majina, akawa anakosea njia ya kutoka msikitini, nyumba ikiwa ni ya tatu tu. Kutoka Ramadhani ile hadi siku nitakayoitaja ilipita miezi minane.

Siku hiyo sukari ilipanda, akaanguka ukumbini. Tukamkimbiza hospitali nyengine. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu. Alipomwona hali imetulia akamgeukia Mama, akamwambia kwa upole, "Mama, kesho naomba uniletee kila anachomeza, cha hospitali na cha nyumbani. Usiache hata kimoja, wala usione haya."

Mama akaja na kikapu. Mlikuwa na vidonge, asali, ubani, na chupa nne. Bibi daktari alizitazama zote moja moja wala hakucheka. Akauliza: anakula nini? Akajibiwa kwamba tangu kuanza kusahau hapendi kula, asubuhi ni chai na mkate, na usiku ni chai na mkate. Akauliza kama nyayo zinamfanya ganzi. Mama akashangaa amejuaje. Akaagiza damu ipimwe.

Jawabu lilikuja kwamba Maalim amepungukiwa mno na vitamini B12. Akatueleza, nami namshukuru kwa kutueleza kama watu wenye akili. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai, na ikipungua huweza kuleta ganzi, udhaifu na usahaulifu. Kisha vidonge vya sukari alivyokuwa akitumia, viitwavyo metformini, ni vidonge vizuri, lakini vikitumiwa miaka mingi huweza kuuzuia mwili kuipokea vitamini hiyo sawasawa. Kwa hivyo havikutakiwa kuachwa. Kilichotakiwa ni damu kupimwa. Sindano zenyewe zilitugharimu fedha kidogo kuliko zile chupa nne.

Sitamdanganya msomaji kwamba yote yalirudi. Ganzi ilipungua, majina ya wajukuu yalirudi, na njia ya msikitini akaijua. Leo anasomesha watoto wadogo juzuu ya Amma. Lakini tarawehi hasalishi tena. Nilimuuliza yule bibi daktari, lau tungalikuja mapema miezi minane, ingalikuwaje? Akanyamaza kidogo, akasema mishipa ya fahamu ikikaa sana bila ya vitamini hiyo huenda isirudi kama ilivyokuwa. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Kila nikimwona Maalim amesimama katika safu, nyuma ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, huikumbuka ile noti niliyomkabidhi muuzaji.

TUFANYE NINI

Maoni yangu ni haya. Usahaulifu wa mzee tusiuite uzee kabla haujapimwa. Kurani yenyewe, katika Suratu Nnahl, imetaja mja kurudishwa katika umri dhaifu asijue kitu baada ya kujua, na hilo ni la Mwenyezi Mungu. Lakini si kila anayesahau amefika huko. Vitamini ikipungua mtu husahau. Tezi ya shingo ikilegea mtu husahau. Huzuni nzito, kama ya mjane au ya baba aliyefiwa na mwana, humfanya mtu aonekane amepotewa na akili. Baadhi ya dawa za usingizi na za mzio hufanya hivyo. Mzee aliyeanguka akagonga kichwa aweza kuwa na damu iliyovuja polepole ndani. Na wako ambao hawakusahau kamwe, bali hawakusikia, kwa kuwa masikio yamepungua. Hayo yote hupimika, na mengi yake hutibika.

Na hata yale yasiyotibika yana kinga yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa lilieleza kwamba karibu nusu ya maradhi hayo yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama watu wangepambana na mambo 14, na miongoni mwake ni presha, sukari, sigara, kutosikia, kukaa bure bila ya mazoezi, na upweke. Msomaji wa pwani akiisoma orodha hiyo atauona mtaa wake mle ndani. Chupa ya ginko haimo.

Kwa watoto wetu wa chuoni na wa shule, neno langu ni fupi. Mtoto asiyelala hahifadhi, na mtoto mwenye njaa hahifadhi. Mpeni usingizi, mpeni chakula, mumsikilize akirudia darasa lake jana, leo na kesho. Ukitaka kumpa na zabibu 21, mpe. Ni tamu na hazina siri ya watengenezaji.

Madaktari wetu nao nawaambia kwa adabu: mkimwambia mtu "ni uzee" bila ya kumpima, mnamsukuma mikononi mwa muuzaji wa chupa. Mmeulaumu sana ujinga wetu. Laumuni na papara zenu. Ulizeni kuna nini kabatini, na muulize kwa namna ambayo Mama hataona haya kujibu.

Maimamu na kamati za misikiti, sehemu ya mbele ya msikiti si soko huria. Kijana yule aliaminiwa kwa sababu ya mahali alipotandaza mkeka wake. Akija mwengine, aulizwe namba ya usajili, aulizwe kilichomo, na akisema mtu aache vidonge vya hospitali, basi aondoke siku hiyo hiyo.

Na wewe msomaji, mwenye mzazi aliyeanza kuuliza jambo moja mara tatu, usingoje Ramadhani ipite. Mpeleke. Chukua kikapu chenye kila anachokimeza. Ukiambiwa ni uzee, nenda kwa mwengine. Asali yake na habasoda yake mpe, wala hakuna atakayekukataza, lakini mwambie daktari. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa miezi minane, na gharama yake hakuilipa mwenye kukosea. Aliilipa Maalim.

Wassalaam.